Binti amenyamaza tangu simu yake ipekuliwe: mzazi aanzie wapi?

Swali: "Nina watoto wawili, binti wa miaka 14 na kaka yake wa miaka 16. Miezi miwili iliyopita nilipekua simu ya binti nikakuta anaandikiana na mvulana maneno ya mapenzi. Baba yake alimchapa, simu ikachukuliwa, na akaambiwa akirudia atafute pa kuishi. Tangu hapo hanisemeshi zaidi ya salamu. Nataka kuzungumza naye kuhusu ngono, mimba na magonjwa, lakini dada zangu wanasema nitakuwa naamsha aliyelala. Na je, kwa umri huu mzazi bado ana nguvu yoyote, au wameshakuwa watoto wa marafiki na intaneti?"

Jibu: Mama, nianze na hilo la kuamsha aliyelala, maana ndilo linalowafunga midomo wazazi wengi. Hapo nyumbani kwako hakuna aliyelala. Kwa wasichana, matiti huanza kuchomoza kati ya umri wa miaka 8 na 13, na hedhi ya kwanza hufuata kama miaka miwili hadi miwili na nusu baadaye. Wavulana huanza kubalehe kati ya miaka 9 na 14. Mwili wa binti yako ulishaamka kabla hujaishika ile simu. UNESCO ilitoa mwongozo wake wa elimu ya ujinsia mwaka 2009, ikaurekebisha mwaka 2018 baada ya kupitia tafiti za nchi mbalimbali, na jambo moja lilijitokeza wazi: kuwafundisha vijana habari za ngono, mimba na kinga hakuwafanyi waanze mapema. Baadhi yao huchelewa zaidi, na wanaoanza hujikinga zaidi.

Nguvu ya mzazi nayo ipo. Mwaka 2016 mtafiti wa Marekani Laura Widman na wenzake walikusanya tafiti 52 zilizofanywa ndani ya miongo mitatu, zenye vijana zaidi ya 25,000. Waliozungumza na wazazi wao kuhusu ngono walitumia kondomu na njia za kuzuia mimba zaidi ya wasiozungumza nao. Tofauti yenyewe ni ndogo, usitarajie muujiza, lakini imeonekana tena na tena. Ilikuwa kubwa zaidi kwa mabinti kuliko kwa wavulana, na zaidi mzungumzaji alipokuwa mama kuliko baba. Kwa hiyo wewe, mama mwenye binti, umeshika kamba iliyo imara kuliko zote. Baba na kijana nitawarudia, kwa sababu udhaifu unaoonekana upande wao unaweza kurekebishwa.

Sasa tuiangalie simu. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba mzazi anayeyajua mambo ya mwanawe anayajua kwa kufuatilia: anauliza, anakagua, anaweka masharti. Mwaka 2000 watafiti wawili nchini Uswidi, Håkan Stattin na Margaret Kerr, walichunguza habari hizo hasa zinatoka wapi. Wakakuta sehemu kubwa inatoka kinywani mwa mtoto mwenyewe, kwa hiari yake. Mzazi anajua kwa sababu anaambiwa.

Piga hesabu ya siku ile, basi. Mlipata meseji chache za mvulana mmoja, mkapoteza yote ambayo binti angekuja kuwaambia kuanzia siku hiyo. Na fikiria alichojifunza: kwamba maneno yake hayana faragha, kwamba kumpenda mtu malipo yake ni kipigo, na kwamba nafasi yake nyumbani ina masharti. Hilo la mwisho ndilo linalonitia hofu kuliko kipigo chenyewe. Msichana aliyeambiwa atafute pa kuishi, akikosa siku zake mwezi fulani, atakwenda wapi? Atakwenda kwa yule mvulana, ambaye naye ni mtoto, au kwa mtu mzima mwenye chumba chake. Mimba ataifunga kwa kitambaa mpaka mwezi wa sita au wa saba, na kliniki ataanza akiwa amechelewa. Shirika la Afya Duniani linayataja matatizo ya mimba na uzazi miongoni mwa sababu kuu za vifo vya wasichana wa miaka 15 hadi 19, na kuchelewa kufika kwenye huduma ni sehemu ya hatari hiyo. Kwa hiyo kazi ya kwanza, kabla ya somo lolote la ngono, ni kulifuta lile neno.

Anza na mumeo, mkiwa wawili. Usimwambie kwamba alikosea kumjali mtoto, kwa sababu hakukosea hapo. Aliogopa kama ulivyoogopa wewe. Mwambie kilichopotea: "Tangu siku ile hatujui lolote. Akipata tatizo kesho, sisi ndio tutakaokuwa wa mwisho kujua." Mkubaliane mambo mawili tu kwa sasa: kipigo hakitarudi, na hakuna mtoto atakayetishiwa kufukuzwa kwa jambo lolote. Mengine yatafuata.

Kisha nenda kwa binti. Ikiwezekana baba naye aseme la kwake, hata kwa sentensi moja, kwa sababu neno la kufukuzwa halifutwi na mtu mwingine. Wewe unaweza kusema hivi: "Siku ile tulikosea. Nilipekua simu yako bila kukwambia, ukapigwa, ukaambiwa uondoke. Hayo yalikuwa makosa yetu sisi wazazi. Hapa ni kwenu. Hata ukipata tatizo la aina gani, hata kama umelisababisha mwenyewe, hapa ndipo pa kurudi." Uishie hapo. Makosa ya kawaida kwenye hatua hii ni mawili. La kwanza ni kuongeza "lakini na wewe…", na papo hapo msamaha unageuka kuwa mashtaka. La pili ni kukaa ukisubiri ajibu, alie au akukumbatie. Usisubiri. Dakika mbili zinatosha, kisha inuka uendelee na shughuli zako. Unayoyataka na usiyoyataka kuhusu wavulana utayasema siku nyingine.

Usishangae akiendelea kunyamaza wiki tatu, nne au zaidi. Anakupima aone kama ulimaanisha. Katika kipindi hicho mtafutie dakika kumi au kumi na tano kila siku za maongezi ambayo hayahusu masomo, kazi za nyumbani wala adabu. Muulize kuhusu wimbo anaousikiliza, ugomvi wa marafiki zake, mwalimu anayemchekesha. Na mkae ubavu kwa ubavu, msitazamane uso kwa uso kama kwenye usaili: mkikunja nguo, mkiosha vyombo, mkiwa safarini. Macho yakiwa kwenye kazi, ulimi hulegea. Wazazi wengi hupanga "kikao" sebuleni, mlango umefungwa, na mtoto anatoka amesikia hotuba ya dakika arobaini asiyokumbuka hata neno. Mazungumzo mafupi ishirini kwa mwaka yana faida kuliko hotuba moja ndefu.

Siku moja litakuja swali, na sekunde chache za mwanzo ndizo zitakazoamua. Tuseme mnaosha vyombo, wewe unasuuza, yeye anafuta. Anasema bila kukutazama: "Kuna msichana darasani anasema mtu akifanya mara ya kwanza hapati mimba. Kweli?" Mkono wako utataka kusimama. Usiuache usimame. Endelea kusuuza sahani ile ile, na ujibu kilichoulizwa kwanza: "Si kweli. Hata mara ya kwanza mimba inaingia, hata kama msichana hajawahi kuona siku zake, maana yai hutoka kabla ya hedhi ya kwanza kuonekana." Nyamaza kidogo. Halafu: "Wewe ulikuwa unafikiriaje?" Hapo umempa ukweli na nafasi ya kuendelea.

Kinachoharibu ni kile kinachotutoka bila kufikiri: "Nani huyo? Anaitwa nani? Na wewe umeyajulia wapi?" Usiulize kama huyo "msichana wa darasani" ni yeye mwenyewe. Mara nyingine ni yeye, mara nyingine kweli ni mwenzake, na wote wawili wanahitaji jibu lile lile. Swali likikushinda, sema hujui, utauliza. Lakini mrudie ndani ya siku mbili, kwa sababu akisubiri wiki nzima ataamini umelikwepa.

Niseme sasa yale ambayo binti wa miaka 14 anapaswa kuyajua kwa uhakika, kwa sababu onyo tupu la "jihadhari na wavulana" halimwambii ajihadhari na nini.

Ajue hesabu ya siku zake, na ajue kwa nini hesabu hiyo haifai kuwa kinga. Yai hutoka kama siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, na mbegu za kiume zinaweza kukaa hai ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku tano. Kwa msichana mdogo mzunguko haujatulia. Unaweza kuwa wa siku 21 mwezi huu na 40 mwezi ujao, na bado akawa mzima kabisa. Kwa hiyo hakuna anayeweza kumwambia leo ni siku salama, kwani hedhi ijayo haijulikani itakuja lini. Mabinti wengi hubeba mimba wakiwa wamehesabu vizuri kabisa kwa kanuni waliyopewa na rafiki. Kumwaga nje nako hakuaminiki, kwa sababu kunategemea mtu mwingine kujizuia kwenye sekunde ambayo ni ngumu kuliko zote.

Ajue kwamba magonjwa ya zinaa mengi hayana dalili, hasa klamidia kwa wasichana, na kwamba kumwangalia mtu kwa macho hakumwambii kitu. Na chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi: Shirika la Afya Duniani linaielekeza kwanza kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, na tangu mwaka 2022 limekubali dozi moja kwa walio na umri wa miaka 9 hadi 20 badala ya mbili. Binti yako yumo kwenye umri huo sasa hivi. Kama hajachanjwa, uliza kituo cha afya wiki hii. Hofu kwamba chanjo itamfanya aone ameruhusiwa imechunguzwa, na haikuthibitika. Kinga hii hufanya kazi vizuri zaidi ikitangulia ngono ya kwanza kwa miaka, ndiyo maana hutolewa mapema.

Ajue pia kukataa kwa maneno halisi. "Ukatae" peke yake ni agizo lisilo na zana. Mpe sentensi fupi za kujizoeza: "Sitaki, na sitaki kuulizwa tena." "Kama unanipenda, utasubiri. Kama hutasubiri, nimeshajua." Picha za utupu: akiombwa, asitume hata kwa anayemwamini, kwa sababu picha ikishatoka mkononi haina mwenyewe tena. Na kama alishatuma na sasa anatishiwa, aje kwako siku hiyo hiyo. Asilipe chochote, asitume nyingine, asifute zile meseji. Hizo ndizo ushahidi.

Kuna mzazi atakayeuliza: nikimweleza kuhusu kinga, si nitakuwa nimemwambia nenda? Msimamo wako na elimu ya kinga vinakaa kwenye sentensi moja bila kugombana: "Mimi nataka usubiri, na sababu zangu ni hizi. Na hata siku utakayoamua, iwe miaka mingapi ijayo, usiamue bila kujikinga." Mtoto wa miaka 14 anaelewa hilo vizuri. Kinachomchanganya ni kimya. Nchini Marekani walifuatiliwa vijana walioapa kutofanya ngono hadi ndoa. Utafiti wa Janet Rosenbaum uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba miaka mitano baadaye walioapa hawakutofautiana katika tabia za ngono na wenzao waliofanana nao ambao hawakuapa. Tofauti ilikuwa kwenye kinga, maana walioapa walitumia kondomu na njia za kuzuia mimba kwa uchache zaidi. Nia ilikuwepo, maandalizi hayakuwepo.

Haya yote hayana maana ya kulegeza kamba. Kuanzia miaka ya 1960, mwanasaikolojia Diana Baumrind alionyesha tofauti kati ya mzazi mkali asiyesikiliza, mzazi anayeachia kila kitu, na mzazi mwenye upendo anayeweka mipaka na kueleza sababu zake. Huyu wa tatu ndiye ambaye watoto wake, kwa ujumla, hufanya vizuri zaidi. Kwenye afya ya uzazi hali ni hiyo hiyo: vijana ambao wazazi wao wanajua wako wapi na wanasimamia kanuni za nyumbani huelekea kuchelewa kuanza ngono na kujikinga zaidi wanapoanza. Kwa hiyo weka kanuni, lakini ziwe chache na zielezwe kwa uwazi. Kabla ya kutoka nataka kujua unakwenda wapi, uko na nani, kuna mtu mzima gani huko, na utarudi saa ngapi. Ukichelewa, unapiga simu. Nyumba isiyo na mtu mzima haitembelewi na rafiki wa kiume, wala yeye haendi kwenye nyumba kama hiyo. Hii ya mwisho isimamie hasa, kwa sababu ngono za mwanzo za vijana mara nyingi hutokea kwenye nyumba ambayo wakubwa hawapo.

Simu mrudishie, kwa masharti yanayojulikana. Usiku simu zote za nyumbani, zenu pia, zinalala sebuleni. Kama kuna siku utahitaji kuitazama simu yake, utamwambia kabla na mtaitazama pamoja. Kupekua kwa siri kunaishia kumfundisha kufuta meseji na kufungua akaunti ya pili.

Kuna jambo la ubongo hapa ambalo hupunguza hasira za mzazi akilielewa. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima matokeo na kuzuia pupa, haimalizi kukomaa mpaka mtu anapofika umri wa kama miaka 25. Margo Gardner na Laurence Steinberg walifanya jaribio, likachapishwa mwaka 2005, la kuwachezesha watu mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta. Vijana wadogo walipokuwa na rika lao pembeni walijitia kwenye hatari zaidi ya walipokuwa peke yao, na ongezeko hilo lilikuwa dogo kwa watu wazima. Kijana anayekujibu vizuri mezani, basi, hakudanganyi. Atakapokuwa katikati ya wenzake atakuwa anaamua kwa ubongo ulio kwenye hali nyingine. Dawa yake ni kuamua mapema. Mpangieni neno la siri. Akiwa mahali asipopataka, anakutumia ujumbe wa kawaida tu, mathalani "Mama, dawa ya bibi iko wapi?", nawe unampigia papo hapo kwa sauti ya ukali inayosikika kwa wenzake: "Rudi nyumbani sasa hivi!" Lawama inakuwa yako, heshima yake mbele ya wenzake inabaki. Ukienda kumchukua, usimhoji njiani. Ukimhoji mara moja tu, neno hilo halitatumika tena.

Sasa kijana wa miaka 16, ambaye kwenye barua yako ametajwa kwa umri tu. Nadhani ndivyo alivyo nyumbani pia: hana kesi, kwa hiyo hana mazungumzo. Nikirudi kwenye matokeo ya Widman kwamba mazungumzo na baba, na mazungumzo na wavulana, yalionekana kuwa na nguvu ndogo, maoni yangu ni kwamba sababu mojawapo ni kwamba mara nyingi hayafanyiki, na yakifanyika yanaishia kwenye "usimpe mtu mimba". Kijana anahitaji zaidi ya hapo, na baba yake ndiye wa kuanza.

Aambiwe kwamba ridhaa ni "ndiyo" inayosemwa kwa uhuru. Ukimya si ndiyo, msichana aliyelewa hawezi kuitoa, na aliyekubali jana ana haki ya kukataa leo. Aambiwe kuhusu sheria ya nchi kuhusu umri wa kuridhia, kwa sababu sheria hizo hutofautiana nchi hadi nchi na yeye anaweza kujikuta mtuhumiwa. Aambiwe kwamba video za ngono anazoziona, na kwa umri wake karibu bila shaka ameshaziona, ni maigizo yanayoficha mambo muhimu: hayaonyeshi mtu akiombwa ridhaa, wala kondomu, wala maumivu. Na afundishwe kondomu kwa mikono. Katika mwaka mmoja, kati ya wanawake 100 ambao wenzi wao hutumia kondomu barabara kila mara, kama 2 hupata mimba. Kwa matumizi ya kawaida ya watu wanadamu, hufika kama 13. Pengo hilo linatokana na vitu vidogo: kuivaa katikati badala ya mwanzo, kufungua pakiti kwa meno, kuacha hewa kwenye ncha, kupaka mafuta ya mgando ambayo hulegeza mpira, kuiweka kwenye pochi ya mfukoni miezi mpaka joto linaiharibu, kuchelewa kuchomoa mpaka inabaki ndani. Baba anaweza kumwonyesha tarehe ya mwisho kwenye pakiti na jinsi ya kubana ncha. Ni aibu ya dakika tano.

Na binti anaangalia. Kama kaka anarudi usiku bila kuulizwa na yeye anachapwa kwa meseji, ameshajua kwamba kanuni za nyumbani zinalinda jina la familia kuliko zinavyomlinda yeye. Kanuni ziwe moja kwa wote wawili. Tena kaka asifanywe askari wa kumchunga dada yake. Mtazaa uadui kati yao, na kaka ni mmoja wa watu ambao siku ya shida angeweza kuwakimbilia.

Uhusiano wenu ninyi wazazi nao una sehemu yake. Binti anayemwona baba akimsikiliza mama anajua jinsi anavyostahili kutendewa, na anayemwona mama akitukanwa kila siku huona matusi ya mpenzi kuwa jambo la kawaida. Siongelei nyumba isiyo na ugomvi, kwani haipo. Naongelea namna mnavyogombana na namna mnavyopatana mbele yao. Vilevile mahitaji madogo: taulo za kike, nauli, nguo za ndani. Msichana akilazimika kuviomba kwa aibu mara tatu ndipo apewe, kuna mtu mzima huko nje anayevitoa bila kuombwa. Ukiona ana kitu ambacho hukukinunua, simu mpya au mavazi ya gharama, uliza kwa utulivu, na uwe na wasiwasi zaidi kama mtoaji amemzidi umri kwa miaka mingi. Huyo wa kwenye meseji kama ni wa rika lake, hatari yake ni ndogo kuliko ya mwanaume mzima anayemwambia "usimwambie mama".

Itokee kwamba tayari ameshafanya, au amefanyiwa. Hapo saa zinahesabika, na mtoto aliyeogopa kusema huzipoteza. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vya levonojestreli, miligramu 1.5 kwa mara moja, vimezwe mapema iwezekanavyo ndani ya saa 72. Vinaweza kutumika hadi siku ya tano lakini nguvu yake inapungua kadiri muda unavyokwenda. Vya yulipristali vinafanya kazi hadi saa 120, na kitanzi cha shaba kikiwekwa ndani ya siku tano ndicho chenye uhakika zaidi. Vidonge hivyo huchelewesha yai kutoka. Haviharibu mimba iliyokwisha kutunga. Dawa za kinga dhidi ya VVU, ambazo wahudumu huziita PEP, zianze ndani ya saa 72, na ni bora zikianza ndani ya saa chache za mwanzo, kisha zimezwe siku 28 bila kuruka. Kipimo cha mimba cha mkojo kinaaminika kuanzia siku ambayo hedhi ilipaswa kuja, na kama siku zake hazitabiriki, siku 21 baada ya tendo.

Kama alilazimishwa, usimwogeshe wala usifue nguo zake kabla hajapimwa. Ziweke kwenye mfuko wa karatasi, kwa sababu nailoni hutunza unyevu na kuharibu ushahidi. Ameshaoga? Mpeleke hivyo hivyo, dawa zinamsubiri. Na mwambie maneno mawili kabla ya kuuliza lolote: "Nakuamini. Si kosa lako." Nalisema hili kwa uzito kwa sababu anayedhulumu watoto mara nyingi ni mtu anayefahamika: ndugu, jirani, rafiki wa familia. Mtoto akikataa ghafla kubaki na mjomba fulani, usimlazimishe kwa ajili ya heshima ya ukoo. Muulize mkiwa wawili.

Mwisho, mpeleke kituo cha afya hata kama hakuna tatizo. Chanjo ya HPV ni sababu nzuri ya kuanzia. Kabla ya kwenda, uliza kama wana saa au chumba cha vijana. Mkifika, mwombe mhudumu azungumze naye peke yake sehemu ya muda, na wewe ukae nje kwenye benchi. Akitoka, mwulize kama ana njaa. Alichosema mle ndani asipokwambia leo, usimwulize.